Mnara na Finjani: Msimu wa Lenzi Mbili

Alhamisi, 12 Juni

Shangazi Latefa ameniita kwake leo baada ya sala ya alasiri. Nimekuta bakuli la cheri mezani, na kando yake lenzi mbili zimelazwa juu ya taulo kama watoto waliotoka kuogeshwa. Miaka yote amewapiga picha maharusi wa Tlemcen upande wa wanawake, na sasa magoti yamegoma. Septemba anahamia Oran kwa binti yake Rym, ambaye anapiga picha za watoto wachanga.

"Kamera ni yako kuanzia leo," akasema. "Lenzi, moja yako, moja naenda nayo kwa Rym. Zitumie zote mbili msimu huu, halafu utaniambia unabaki na ipi."

"Wewe ungebaki na ipi, shangazi?"

"Kula cheri."

Ya kwanza ni ndefu na nzito, ya kuvuta. Unasimama mlangoni, unazungusha pete yake, na bibi harusi aliye mwisho wa ukumbi anakuja mpaka puani pako. Ya pili ni fupi na haivuti kitu. Ukitaka uso uwe mkubwa, unaufuata kwa miguu. Lakini ina jicho pana, inaona hata penye kiza, na kila kilicho nyuma ya mtu inakiyeyusha kikawa kama maziwa.

Shangazi alinipa na masharti yake mawili. Ukumbini wanawake wamevua mitandio, simu zimeachwa kwenye kikapu mlangoni, kwa hiyo kabla ya kubonyeza lazima nipige kelele, "Kamera, wanawake!", asiyetaka ajifunike au ageuke. Na nikirudi nyumbani, kwenye kila picha nitazame nyuma kwanza, mbele baadaye.

"Hebu piga kelele nisikie," akasema.

Nikapiga.

"Hiyo kelele? Paka aliyefungiwa kabatini anasikika zaidi."

Wifi yangu Nesrine, mke wa kaka Ghouti, amekubali kunibebea mkoba na taa. Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshazipa lenzi majina: ile ndefu Mnara, ile fupi Finjani.

Utaratibu nimeupanga hivi: harusi moja Finjani, inayofuata Mnara, bila upendeleo, na matokeo nayaandika hapa. Mwisho wa msimu daftari litaamua lenyewe.

Jumamosi, 14 Juni. Finjani.

Aibu tupu. Bibi harusi aliingia kwa mlango wa kulia na mimi nilikuwa kushoto. Nilikimbia, nikakwama kati ya shangazi wa bwana harusi na sinia la biskuti za kaak. Nilipoita "Kamera!" hakusikia hata aliyekuwa amenikanyaga. Nesrine akanisaidia kwa kupiga kelele yeye, wapiga ngoma wakadhani kuna mtu amezimia, wakanyamaza. Ukumbi mzima ukatugeukia.

Nilichopata: bega la mtu, sinia la kaak (zuri kweli, kila ufuta unaonekana), na sikio la Nesrine.

Jumatatu, 16 Juni

Joto. Nimesafisha lenzi zote mbili.

Jumamosi, 21 Juni. Mnara.

Raha iliyoje! Nilipanda kiti karibu na mlango, sikusukumana na mtu. Mama wa bibi harusi alikuwa amejificha nyuma ya nguzo akilia, akijifuta kwa ncha ya mtandio, na nilimpata, chozi na pete na kila kitu. Nesrine alikaa chini akala vyake kwa amani. Alisema kama kazi ni hii, basi hata Ghouti angeiweza.

Nilimpelekea shangazi picha jioni. Alizitazama moja moja, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Nzuri," akasema. Halafu, "Walijua?"

"Walijua nini?"

"Kula cheri. Hizi ndizo za mwisho."

Jumamosi, 28 Juni. Finjani.

Leo nimejifunza kitu ambacho sijui nikiandike kama matokeo au kama umbea.

Bibi harusi alikuwa Wafaa, mwalimu wa chekechea. Alishavalishwa chedda, vazi letu la maharusi: kofia ya ncha kichwani, lulu na dhahabu kutoka shingoni mpaka kiunoni, mashavu yamechorwa miduara myekundu. Akakalishwa kwenye kiti cha enzi amefumba macho, kama inavyotakiwa, mpaka kila mtu ashibe kumtazama. Kwa kuwa Finjani haivuti, ilibidi nimsogelee mpaka nikasikia pumzi yake. Nikasikia na sauti, midomo haitikisiki.

"We mwenye kamera."

"Naam?"

"Nani amekaa mbele?"

"Mama mkwe wako."

"Amevaa nini?"

"Kijani."

"Kijani gani? Kizuri au kile cha mapazia?"

Nikachungulia. "Cha mapazia."

Lulu zote zikaanza kutikisika. Alicheka kwa tumbo, uso umetulia kama maji ya birika, na nilibonyeza hapohapo. Hiyo ndiyo picha yangu bora mpaka leo, ingawa sijui kama nimeipiga mimi au mapazia.

Akaendelea kuniuliza mpaka mwisho: shangazi wa Sidi Bel Abbes amefika? Dada yake analia kweli au anajikamua? Nilikuwa nampiga picha na kumsomea habari.

Lakini nilikosa dansi lote la upande wa pili. Matokeo: sare.

Jumamosi, 5 Julai. Mnara.

Picha nyingi, zote safi. Jina la bibi harusi silikumbuki.

Alhamisi, 10 Julai

Nimepeleka albamu za Jumamosi. Ni mbili kama kawaida: ya wanawake, ambayo haitoki chumbani, na ya ukoo, inayotazamwa na wote, hata wanaume, ambayo ina picha chache tu za bibi harusi akiwa ndani ya chedda. Picha ya kwanza ya albamu ya ukoo ni ya ajabu. Nimeutazama uso wa bibi harusi mpaka macho yakauma: kope, lulu, kila kitu. Nimemwambia Nesrine nadhani nimeshaamua. Mnara.

"Mwambie shangazi," akasema.

"Msimu haujaisha."

"Wewe na huyo shangazi yako mnafanana ukaidi."

Alhamisi, 17 Julai

Nimekaa muda na kalamu kabla ya kuandika hii.

Asubuhi mlango uligongwa kwa namna ya mtu asiyetaka kukaribishwa kahawa. Alikuwa Bi Zoubida, mjane wa fundi wa zari na nyuzi za dhahabu wa mtaa wa juu. Namfahamu kama kila mtu anavyomfahamu: akipita, vijana wanaacha kuegemea kuta. Mkononi alikuwa na albamu ya ukoo ya harusi ya tarehe tano. Bwana harusi yule ni mtoto wa shemeji yake.

Hakuketi. Aliifungua ukurasa wa kwanza, akaiweka juu ya meza ya jikoni, juu ya unga wa mama.

"Huyu nani?"

"Bibi harusi," nikasema.

"Nyuma yake."

Nikatazama nyuma. Mnara, unapomvuta mtu, haumvuti peke yake. Unawavuta na walio nyuma yake, unawaleta wakubwa mpaka begani kwake. Na kwa kuwa nilitaka lulu zote ziwe kali, nilikuwa nimebana tundu la mwanga, kwa hiyo nyuma napo palikuwa pakali. Pale begani mwa bibi harusi alikuwepo Bi Zoubida anacheza. Nywele wazi, nyeupe, ndefu mpaka mgongoni. Mikono juu. Kinywa wazi kwa kicheko.

Mama alisema, "Ya Rabbi," akatoka jikoni.

"Shemeji zangu watatu wameitazama," akasema Bi Zoubida. "Mkubwa ameniletea yeye mwenyewe. Amenishika mkono akasema, 'Hongera, Zoubida, tumeona umefurahi.' Unajua maana ya hiyo?"

"Najua, Bi."

"Hujui. Ungejua ungepiga kelele. Latefa alikuwa anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wanajifunika. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mlangoni."

"Mlangoni!" akarudia, kama nimemwambia nilikuwa Marekani. "Nilipomwona Latefa hayupo, nikajua hakuna kamera. Nikacheza. Tangu amefariki mume wangu sijacheza, na siku niliyocheza, kuna mtu mlangoni."

Nilisema naomba radhi. Alisema radhi siyo kitambaa, haifuniki nywele. Akaondoka na albamu.

Kilichonichoma ni kwamba masharti yote mawili niliyavunja kwa starehe. Sikupiga kelele kwa sababu nilikuwa mbali sana, hata sikujisikia kama nimo ukumbini. Na sikutazama nyuma kwa sababu mbele palikuwa pazuri mno.

Jumamosi, 19 Julai

Chehili inavuma kutoka jangwani, madirisha yote yamefungwa. Mama wawili wa maharusi wamepiga simu. Wa kwanza alisema wameamua kutopiga picha kabisa. Wa pili alisema ukweli: "Binti yangu, wanawake wanakuogopa. Wanasema hawajui upo wapi."

Ikiendelea hivi, Septemba nitabaki na lenzi na hakuna ukumbi wa kuiingiza. Shangazi hakunigombeza. Ndiyo mbaya zaidi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimekwenda kwa Bi Zoubida peke yangu. Nesrine alijitolea kunisindikiza, nikakataa, kwa sababu akiogopa huwa anachekacheka.

Alikuwa uani anamwagilia mirehani. Nilimwambia nimeifuta picha kwenye kamera, nakala iliyo kwenye albamu akipenda tutaichana pamoja sasa hivi, na ukurasa nitautengeneza upya.

Akazima maji.

"Nani kakwambia nataka ichanwe?"

Akaning'iniza mpira wa maji ukutani.

"Nimeshaitoa," akasema. "Iko chumbani kwangu. Nikiwa peke yangu naitazama." Akang'oa jani kavu, akalitupa. "Nimependeza. Ndiyo maana nimekasirika, we mtoto. Nimependeza namna ile, na shemeji zangu wameniona kabla yangu mimi."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Ilinitoka tu. Nikajifunika mdomo.

"Nenda zako," akasema, lakini mlangoni alinipa kishada cha mirehani.

Jumamosi, 26 Julai. Finjani.

Utaratibu wangu umekufa. Hata ingekuwa zamu ya Mnara, ningeuacha nyumbani kwa sababu siuamini mkono wangu. Harusi ndogo ya jirani yetu, aliyenichukua kwa kumhurumia mama.

Sikupiga kelele, maana hakuna anayenisikia. Nilitembea. Kila nilipotaka picha nilikwenda mpaka pale, nikasimama, nikaionyesha kamera, nikasubiri. Waliotaka waliweka vipuli vyao sawa. Wasiotaka waligeuka, wengine wakanisukuma kwa nyonga, "Pita, pita, mimi sina uso leo." Miguu inaniuma mpaka naandika nimelala.

Usiku nilitazama nyuma kwanza kwenye kila picha. Nyuma hapakuwa na watu. Palikuwa na maziwa, na ndani yake rangi zinaelea: zambarau, dhahabu, kijani. Mtu hawezi kumtambua hata mama yake mzazi.

Jumatano, 30 Julai

Mama analalamika mirehani imejaa jikoni. Imeota mizizi kwenye glasi.

Jumamosi, 9 Agosti. Finjani.

Bibi harusi aliponisikia karibu alisema, "Wewe ndiye yule anayesema?" Wafaa, wa mapazia, ameeneza habari chekechea nzima. Nikamsomea ukumbi wote. Alitaka hasa kujua kama binamu yake amevaa viatu vilevile vya harusi iliyopita. Amevaa. Alifurahi kuliko alivyofurahia dhahabu.

Yule mama wa pili, aliyeniambia ukweli, amepiga simu tena. Binti yake amegoma kukaa kwenye kiti cha enzi bila mtu wa kumwambia nani amekuja.

Alhamisi, 14 Agosti

Bi Zoubida amemtuma mpwa wake na ujumbe: binti yake yeye Bi Zoubida, Hanane, anaolewa tarehe ishirini na nane, nifike mchana mapema, na nikija, nije karibu.

Nimemwambia shangazi. Alikuwa anakunja nguo za kwenda Oran. Alikunja gauni moja mara mbili, akalikunjua, akasema, "Beba zote mbili." Sikuelewa kama ni ushauri au ni mtego.

Alhamisi, 28 Agosti

Bado nywele zangu zina maji ya mvua. Nitaandika mpaka kalamu iishe.

Ukumbi ulikuwa wa chini, madirisha madogo karibu na dari. Nilikuwa na Finjani kwenye kamera na Mnara kwenye mkoba wa Nesrine. Hanane alikalishwa, amefumba macho, mzuri kupita wote wa msimu. Mara upande wa pili bibi yake Hanane, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, akainuka. Akasimama mwenyewe, akaanza kucheza kwa mabega. Nesrine akanishika mkono.

"Mnara, wifi! Haraka, Mnara! Hutafika!"

Kweli nisingefika. Kati yetu kulikuwa na ukumbi mzima, meza, masinia, watoto. Nikauona mkono wangu unakwenda kwenye mkoba. Na kandokando ya yule bibi waliokuwa wanapiga makofi walikuwa vichwa wazi wote, hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua niko upande huu.

"Acha," nikasema.

"Utaikosa!"

"Naikosa."

Niliikosa. Nimeiona kwa macho na ndiyo basi. Nilipofika alikuwa ameshaketi, anapepewa, akaniambia, "Umechelewa, binti, nilikuwa nazuru ujana."

Halafu radi ikapiga, mvua ya kwanza tangu kiangazi kianze ikamwagika, na umeme ukakatika. Spika zikafa. Ukumbi ukawa kiza cha rangi ya majivu, kwa mwanga wa yale madirisha ya juu tu. Wanawake walinyamaza muda wa pumzi moja. Nikarudi kwa Hanane nikipapasa viti.

"Soumicha," akanong'ona, "kwa nini wamenyamaza? Kuna mtu amekuja?"

"Umeme umekatika."

"Lini?"

"Sasa hivi. Ni kiza kitupu."

"Na mimi nimekaa hapa nimefumba macho kama mjinga!"

Akaangua kicheko, siyo cha tumbo kama cha Wafaa, cha sauti, kofia ikapinda, akafumbua macho. Wapiga ngoma wakongwe hawakuhitaji umeme. Wakaanza, na ukumbi mzima ukaimba juu ya mvua. Mtu akaleta mishumaa kutoka jikoni. Finjani ilifungua jicho lake lote. Nilimpata Hanane akicheka macho wazi, mshumaa mmoja mashavuni, na nyuma yake hakuna kitu ila nyota laini za mishumaa mingine. Mnara ungeniletea kiza na chengachenga.

Nilikuwa bado nimepiga magoti pale niliposikia mtu amesimama juu yangu.

"We mtoto."

Bi Zoubida. Alikuwa anahema, ametoka kucheza. Nikaishusha kamera upesi.

"Sijakupiga, Bi. Wallahi."

"Najua hujanipiga, nilikuwa nakuona." Akachukua mtandio begani, akaufunga kichwani taratibu, akaulainisha kwa viganja, akaingiza shungi la mwisho ndani. "Nimekaa sawa?"

"Umekaa sawa."

"Nyuma yangu kuna nani?"

Nikatazama. "Wapo, lakini hawatajulikana. Watakuwa taa tu."

"Basi sogea. Zaidi. Unaniogopa?"

"Kidogo."

"Vizuri." Akanyanyua mikono juu, akacheka vilevile kama siku ile. "Hii iweke ukurasa wa kwanza. Sasa waione. Sasa nimejipanga."

Jumapili, 31 Agosti

Nesrine ana mafua. Anasema ni ya kihistoria.

Jumamosi, 6 Septemba

Gari la Rym lilikuja asubuhi. Lenzi zilikuwa juu ya taulo lilelile. Nilikuwa nimebeba daftari hili ili nimsomee shangazi matokeo, lakini nilipoziona nikaweka tu mkono juu ya Finjani.

Shangazi akacheka mpaka akavua miwani.

"Mimi ningechukua Mnara," akasema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungeuchukua. Miaka yote hiyo nimeutumia huohuo. Finjani niliinunua kwa kuidhania nzuri, nikaiweka kabatini." Akajigonga kifuani. "Lakini mimi nina hii sauti. Nikiwa mlangoni, ukumbi mzima unanijua niko wapi. Wewe sauti huna, mwanangu. Una miguu, na wanakuona unakuja. Chukua chako."

Rym aliujaribu Mnara pale pale kwa mtoto wa jirani. Ilimbidi arudi nyuma mpaka akatoka uani. "Mama," akaita kutoka barabarani, "nitakuwa nawapiga watoto nikiwa Morocco!"

Kabla hajaingia garini nilimwomba shangazi asimame kwenye kizingiti nimpige moja. Uchochoro ulikuwa umejaa majirani waliokuja kumuaga, wengine wametoka jikoni vivyo hivyo, vichwa wazi. Nilisogea mpaka nikasikia harufu ya maji ya maua ya mchungwa kwenye nguo zake. Nikainua kamera. Na yeye, kwa mazoea tu, bila kufikiri, akajaza kifua:

"Kamera, wanawake!"

Uchochoro mzima ukajifunika kwa mpigo mmoja. Hata Rym. Hata mama, aliyekuwa ameshajifunika. Halafu wakagundua aliyepiga kelele ni anayepigwa picha, na kicheko kikapanda mpaka madirishani.

Nilibonyeza hapo. Usiku huu nimeitazama nyuma kwanza: maziwa, na rangi zinacheka. Halafu mbele.